Dakika kumi na daktari: jinsi ya kuingia na shida na kutoka na majibu

Mgonjwa aliyeamka saa 11 alfajiri, akapanda daladala mbili na kukaa kwenye benchi mpaka saa 5, anaingia chumba cha daktari akiwa na matarajio yake. Anataka asikilizwe. Anataka aguswe pale panapouma, aambiwe anaumwa nini kwa Kiswahili kinachoeleweka, ajue dawa ni za nini na zitamgharimu kiasi gani, na siri yake iishie mle ndani. Hayo yote ni haki yake, si fadhila ya mtu.

Kinachokosekana ni muda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya takwimu za nchi 67, ulikuta wastani wa muda wa mgonjwa na daktari wa huduma ya msingi unaanzia sekunde 48 nchini Bangladesh na kufika dakika 22 na nusu nchini Sweden. Huko Marekani, mwaka 1984, walipima jambo dogo zaidi: mgonjwa anaongea kwa muda gani kabla daktari hajamkatiza? Ikawa sekunde 18. Utafiti mwingine wa huko huko, wa 2018, ukapata 11. Kwenye hospitali ambazo foleni imefika getini, tukisema una dakika 10 tumekuwa wakarimu. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzitumia dakika hizo, kwa mazingira ya Tanzania zaidi, ingawa mengi yatafaa popote.

Kwanza, wasiotakiwa kukaa kwenye foleni. Mtoto mwenye degedege, anayetapika kila kitu, asiyeweza kunyonya au kunywa, au aliyelegea haamki vizuri. Mtu mzima aliyepooza upande mmoja ghafla, mdomo umepinda au maneno hayatoki. Maumivu mazito ya kifua yenye jasho. Mjamzito anayetoka damu, au mwenye kichwa kikali na macho kuona ukungu. Hao wapelekwe moja kwa moja kitengo cha dharura, na ukifika sema dalili yenyewe kwa sauti: "Mtoto amepata degedege sasa hivi." Ukisema tu "mgonjwa wangu ana hali mbaya", utajibiwa kwamba wote pale wana hali mbaya.

Kabla ya kutoka nyumbani

Chukua karatasi, hata nyuma ya risiti inatosha. Andika mambo yasiyozidi matatu unayotaka yashughulikiwe siku hiyo, na la kwanza liwe lile linalokutisha zaidi, hata kama ndilo la aibu. Wagonjwa wengi hufanya kinyume: wanaanza na goti, wanamalizia na mafua, kisha wakishika kitasa ndipo wanasema, "Na kingine dokta, siku hizi choo kinakuja na damu." Wakati huo daktari ameshaandika dawa ya maumivu ya goti, dawa ambayo mtu anayetoka damu tumboni hapaswi kuigusa.

Kisha weka kwenye mfuko dawa zote unazotumia, zikiwa na vifungashio vyake. Maelezo kama "vile vidonge vyeupe vya presha" hayasaidii, kwa kuwa karibu vyote ni vyeupe. Weka na zile ulizojinunulia: diklofenaki ya mgongo, dawa za mafua, vidonge vya uzazi wa mpango, chupa ya mitishamba. Diklofenaki na dawa za jamii yake hupandisha shinikizo la damu, huchubua tumbo na huumiza figo. Daktari asipojua unazimeza kila siku, atazidi kukuongezea dawa za presha huku kinachoipandisha kimebaki kwenye droo nyumbani.

Beba pia daftari au kadi ya kliniki, majibu ya vipimo vya nyuma, picha za eksirei, kitambulisho na kadi ya bima. Kama umepewa barua ya rufaa, hiyo ndiyo ya kwanza kuingia mfukoni. Hospitali kubwa huiulizia mapokezini, na bima nayo huiulizia kabla ya kulipa.

Vaa nguo yenye mkono unaopandishwa hadi begani. Futa rangi kwenye kucha ya kidole kimoja angalau: rangi ya kucha, na hata piko nyeusi iliyofika ncha za vidole, huweza kukipotosha kile kifaa kinachobana kidole kupima oksijeni. Bibi harusi wa juzi asishangae kuambiwa oksijeni yake iko chini.

Ujue uliye mbele yako

Wagonjwa humwita kila aliyevaa koti jeupe "dokta", na si kosa kwa heshima. Lakini zahanati nyingi zinaendeshwa na tabibu msaidizi, tabibu au muuguzi. Kituo cha afya na hospitali ya wilaya zina madaktari. Daktari bingwa utamkuta zaidi kuanzia hospitali ya rufaa ya mkoa, na bingwa bobezi kwenye hospitali za kanda kama Bugando na KCMC, au Muhimbili na taasisi zake. Kila mmoja ana mipaka ya anachoruhusiwa kufanya. Unaweza kuuliza bila kumvunjia mtu heshima: "Samahani, naomba nikufahamu jina na cheo, nikiulizwa nijue nilihudumiwa na nani." Andika jina hilo kwenye daftari lako. Ukirudi baada ya wiki mbili na kusema "yule dokta mrefu", hakuna atakayekusaidia.

Maneno yanayompoteza daktari

Hapa ndipo dakika nyingi zinapoteketea. Unaongea Kiswahili, daktari anaandika kwa Kiingereza, na tafsiri inafanyika kichwani mwake wakati anakusikiliza. Maneno mengi tunayoyatumia kila siku yamebeba magonjwa matano kwa pamoja.

"Presha." Mtu akisema "nina presha" anaweza kumaanisha alipimwa ikaonekana imepanda, au moyo ulienda mbio baada ya ugomvi, au anapata kizunguzungu akisimama, au ana msongo wa mawazo tu. Sema kilichotokea: "Nilipimwa mwezi wa tatu ikawa 160 kwa 100," au "Nikipanda ngazi moyo unadunda, mpaka nikae chini." Namba ina thamani kuliko neno.

"Tumbo." Kwa mgonjwa, tumbo linaanzia chini ya matiti na kuishia kwenye nyonga. Onyesha kwa kidole kimoja, si kwa kiganja kizima. Chembe ya moyo ni pale katikati, chini ya mfupa wa kifua. Wengi wanaosema "chembe ya moyo inauma" wana asidi au vidonda vya tumbo, lakini wachache wana ugonjwa wa moyo kweli, hasa wenye umri mkubwa, sukari au presha. Ndiyo maana daktari atakuuliza kama maumivu yanaenda mkononi au kwenye taya. Hajahama mada.

"Ngiri." Mtaani ngiri ni maumivu ya chini ya kitovu, ni kujaa gesi, na wengine huiweka hata kwenye upungufu wa nguvu za kiume. Kwa daktari wa upasuaji ngiri ni kitu kimoja: utumbo au mafuta yaliyochomoza kupitia tundu kwenye ukuta wa tumbo. Ukisema ngiri atakuambia upande kitandani ukohoe, atafute uvimbe. Uvimbe usipokuwepo, mtaachana hapo wakati wewe ulikuwa na shida nyingine kabisa.

"Kiuno." Mwanaume akisema "kiuno kimechoka" huenda ni mgongo, na huenda anaona haya kusema jambo la chumbani. Liseme. Nguvu za kiume kupungua huweza kuwa dalili ya mapema ya kisukari au ya mishipa ya damu kuziba, na baadhi ya dawa za presha nazo huchangia. Daktari anaweza kubadilisha dawa. Asichoweza ni kubashiri.

"Kifua." Tenganisha: ninakohoa, kinauma, kinabana, au ninakosa pumzi? Ni vitu vinne. Kama unakohoa, sema wiki ngapi. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi kinapaswa kupimwa kifua kikuu, na kama halikutajwa, uliza wewe.

"Malaria." Usiingie na jina la ugonjwa. Ukisema "nina malaria" umemfungia daktari njia, na akiwa amechoka atakubaliana nawe. Sema homa ilianza lini, ilifika ngapi kama una kipimajoto, kama unatetemeka, na kama umetoka safari.

Ukishayaweka maneno sawa, panga maelezo kwa mfuatano huu: wapi, tangu lini, inakuwaje, nini kinazidisha au kutuliza, umeshatumia nini, na hofu yako ni ipi. Kwa mfano:

"Dokta, tumbo linauma hapa juu, wiki ya tatu sasa. Linachoma kama nimekula pilipili. Nikiwa na njaa linazidi, na saa 8 usiku linaniamsha. Nimemeza omeprazoli siku 5, likatulia kidogo. Choo cheusi sijaona. Mjomba alikufa kwa saratani ya tumbo, ndiyo maana nimekuja."

Hizo ni sekunde 20 hivi, na zina karibu kila kitu anachohitaji kuanzia. Sentensi ya mwisho ni muhimu kuliko inavyoonekana: asiyejua unachokihofia atakupa dawa, utaondoka na vidonge, na hofu utarudi nayo nyumbani.

Usipunguze wala usipambe. Ukiulizwa pombe, "kidogo" si kipimo. Sema chupa ngapi kwa wiki. Ukiulizwa kama ulimaliza dozi, sema ulimeza siku 2 ukaacha ulipopata nafuu. Taja ARV kama unazitumia, taja kama huenda una mimba, na taja kama ulipita kwa mganga ukanywa kitu. Daktari akikufokea kwa hilo amekosea yeye. Lakini usipolisema, figo au ini likiharibika chanzo hakitajulikana.

Mzee asiyemudu Kiswahili aende na mtu mzima wa kumtafsiria, asiwe mjukuu wa miaka tisa. Kuna maswali ya bibi ambayo mtoto hapaswi hata kuyasikia. Kwa ndugu walioko Uingereza, mkalimani kwenye huduma za NHS, mfumo wa afya wa umma wa huko, humlipii. Omba wakati unapanga miadi, na eleza unaongea Kiswahili cha wapi, kwa sababu cha Kongo na cha Unguja havifanani kwa majina ya viungo na maradhi.

Ukishakaa kwenye kiti

Salamu fupi, kisha: "Dokta, nina mambo matatu. Kubwa ni hili." Sentensi hiyo inampa daktari ramani. Akijua yako matatu atagawa muda. Asipojua, lile la kwanza litakula dakika zote.

Siku hizi hospitali nyingi zinaandika kwenye kompyuta, na mgonjwa anajikuta anaongea na upande wa uso wa daktari. Usishindane na kibodi. Sema jambo moja, nyamaza, acha aandike, endelea. Kama humwoni akisikiliza, uliza kwa upole: "Nisubiri umalize kuandika?" Wengi hapo hugeuka.

Mara nyingi presha itapimwa na muuguzi kabla hujaingia, na mara nyingi itapimwa vibaya. Kipimo sahihi kinataka uwe umekaa umetulia dakika 5, umeegemea, miguu yote sakafuni bila kukunjwa nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda ukiwa juu ya ngozi na si juu ya koti, kibofu kitupu, hujavuta sigara wala kunywa kahawa nusu saa iliyopita, na wote wawili mmenyamaza. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unatoa namba kubwa kuliko ukweli. Kama umefika ukikimbia na imesomeka 150 kwa 95, omba irudiwe baada ya kupumzika. Mpaka unaotumika hospitalini ni 140 kwa 90, na isipokuwa imepanda sana, haitoshi kupimwa mara moja kisha uanzishiwe dawa za maisha.

Umesoma mtandaoni? Sema, ila kwa mlango sahihi. "Nimesoma kwamba dalili hizi zinaweza kuwa tezi dume, nina wasiwasi, wewe unaonaje?" inafungua mazungumzo. "Mtandao umesema ni tezi dume, niandikie dawa" inayafunga.

Kabla hujanyanyuka, hakikisha una majibu ya maswali haya:

- Unadhani ninaumwa nini, na una uhakika kiasi gani?
- Kipimo hiki kitabadilisha nini kwenye matibabu?
- Dawa hii ni ya nini, na nitegemee nafuu baada ya siku ngapi?
- Dalili gani ikitokea nirudi usiku huo huo nisingoje tarehe?

Kisha rudia kwa maneno yako: "Kwa hiyo hii nameza asubuhi na jioni siku 7, na nikianza kutapika narudi." Tumezoea kuitikia "sawa dokta" hata pale ambapo hatujaambulia kitu, kwa adabu tu. Ukirudia kwa sauti, kosa lako au lake litaonekana palepale.

Vipimo

Uliza maandalizi kabla ya kuondoka chumbani, maana maabara hawatakuwa na muda. Sukari ya asubuhi inataka ukae muda wa saa 8 bila chakula. Maji unaruhusiwa, chai hapana. Ultrasaundi ya tumbo la juu hutaka njaa ya saa 6 hadi 8, ile ya nyonga hutaka kibofu kilichojaa. Mkojo ni ule wa katikati: wa mwanzo unauachia chooni, unakinga unaofuata. Kifua kikuu hupimwa kwa makohozi, yale mazito yanayopanda toka ndani baada ya kuvuta pumzi ndefu na kukohoa, si mate. Kopo la mate likifika maabara linaweza kuleta jibu kwamba huna ugonjwa ilhali unao.

Kipimo cha haraka cha malaria kinatoa jibu kwa dakika 15 hadi 20, lakini aina inayotumika sana inaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya kupona. Kama ulimaliza dawa mseto ya malaria mwezi huu, mwambie mtaalamu aangalie na hadubini.

Halafu kuna taifodi. Watu wengi wana karatasi iliyoandikwa "taifodi" kutokana na kipimo cha Widal kilichofanywa mara moja. Kipimo hicho kinaweza kuwaka kwa mtu asiye na taifodi kabisa, kwa sababu ya maambukizi ya zamani au ya aina nyingine. Cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu, kinachochukua siku kadhaa na hakipo kila mahali. Ukiambiwa una taifodi kwa mara ya nne mwaka huu, una haki ya kuuliza imepimwaje.

Majibu yote omba nakala, au piga picha kwa simu ikionekana tarehe na jina lako. Eksirei na CT ni zako kwa matibabu, usiziache dirishani.

Dirisha la dawa

Chukua ile bahasha ndogo uliyopewa. Imeandikwa "1x3". Wengi huisoma: kimoja, mara tatu, baada ya kula. Anayekula mara mbili kwa siku anameza mara mbili. Dawa ya kuua bakteria kama amoksilini inahitaji kuwepo mwilini mchana na usiku, kwa hiyo 1x3 ni kila baada ya saa 8: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. 1x2 ni kila baada ya saa 12.

Na hapo kuna mtego wa saa yetu. "Kila saa 8" na "saa 8" ni vitu viwili; wapo wanaomeza saa 8 mchana na saa 8 usiku wakaona wamemaliza. Mtego huo huo uko kwenye miadi na upasuaji. Karatasi ikisema usile kuanzia 6, ni sita ya usiku kwa Kiswahili au sita ya jioni kwa Kizungu? Mwambie mtoa dawa au muuguzi aandike kwa maneno: "saa sita usiku". Mgonjwa aliyekula saa 2 usiku kwa kukosea kusoma anaweza kuahirishiwa upasuaji.

Dawa mseto ya malaria aina ya ALu kwa mtu wa kilo 35 na zaidi ni vidonge 24: vidonge 4 kila mara, mara 6 kwa siku 3. Dozi ya pili inafuata saa 8 baada ya ya kwanza, si saa 12, kisha zinazobaki ni asubuhi na jioni. Imeze pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, la sivyo mwili unanyonya kiasi kidogo. Wengi wanaosema "dawa mseto hainifai" waliimeza na maji matupu, au waliacha siku ya pili homa iliposhuka.

Dawa ya maji ya mtoto usipime kwa kijiko cha jikoni. Mililita 5 za kwenye chupa si sawa na kijiko cha chai cha kila nyumba. Omba sirinji isiyo na sindano. Parasetamoli kwa mtoto huhesabiwa kwa uzito, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6 ikihitajika. Kwa hiyo mtoto apimwe uzito siku hiyo, si kukadiriwa kwa umri. Uliza chupa ina miligramu ngapi kwa kila mililita 5, kwani hazifanani.

Dawa ikikosekana dirishani, omba uandikiwe jina halisi la dawa, si la kibiashara tu. Kwa jina halisi, famasi inaweza kukupa ya kampuni nyingine yenye dawa ileile kwa bei ndogo. Ukitumia bima, uliza kabla kama dawa imo kwenye orodha ya mfuko wako. Usingoje kuambiwa baada ya foleni ya pili.

Siri na ndugu

Chumba chenye madaktari wawili na pazia moja ni hali halisi ya vituo vingi. Kama una jambo la siri, mwambie muuguzi wakati wa kupimwa uzito: "Naomba niongee na dokta peke yangu." Hilo linasaidia hata pale anayekusindikiza ni mume, mama mkwe au mzazi anayejibu kila swali kabla yako. Daktari mzoefu atapata sababu ya kumtoa nje bila kukuumbua. Mwanamke anayepimwa sehemu za siri na daktari wa kiume anaweza kuomba muuguzi wa kike awepo. Majibu yako hayapaswi kusomwa kwa sauti koridoni, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayozihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Kabla ya upasuaji utaletewa fomu ya ridhaa. Usiisaini ukiwa umesimama. Uliza wanakata nini, kuna njia nyingine gani, hatari ipi ni ya kawaida, na nani atakayepasua. Ukitaka maoni ya daktari wa pili, sema wazi. Kwa jambo lisilo la dharura hakuna daktari mwenye busara atakayenuna.

Kisichofaa kukidai

Dripu. Mtu akichoka anataka "atundikiwe maji" apate nguvu. Nusu lita ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari, yaani vijiko vya chai 6 hivi. Chai ya nyumbani inakupa hizo bila kutobolewa mshipa. Kama unaweza kunywa na hutapiki, kwa kawaida huihitaji. Sindano nayo haina nguvu kuliko kidonge kwa sababu tu inauma. Na antibayotiki haifanyi lolote kwa mafua ya kawaida. Daktari anayekurudisha nyumbani bila dawa, akakueleza sababu na dalili za kuangalia, amekuhudumia, ingawa tunajua hutajisikia hivyo ukiwa njiani.

Mambo yakienda kombo

Lipa kwa namba ya malipo au dirishani, na dai stakabadhi. Anayekuomba hela ya mkononi "ili uwahi" anaomba rushwa; TAKUKURU wanapokea taarifa bure kwa namba 113. Asiye na uwezo aende ofisi ya ustawi wa jamii iliyo ndani ya hospitali kabla ya kuanza vipimo, si baada ya bili kukua. Malalamiko ya huduma yaanzie kwa Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, kwa maandishi: tarehe, saa, chumba, jina, kilichotokea. Sanduku la maoni lina faida zake, ila barua yenye muhuri wa kupokelewa hufika mbali zaidi. Kosa la kitaaluma la daktari hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika.

Siku ya kurudi

Rudi hata kama umepona, kama ulipangiwa. Beba vidonge vilivyobaki, vihesabiwe: kama ulipewa 30, siku zimepita 20, na vimebaki 18, daktari ataona umekuwa ukiruka siku, naye hatakuongezea dozi bure. Mwenye presha au sukari alete namba zake za nyumbani zilizoandikwa na tarehe na saa, angalau za wiki moja. Na siku ya kliniki ya presha, meza dawa yako asubuhi kama kawaida kabla ya kwenda. Wapo wanaoiacha "ili dokta aone hali halisi". Anachoona ni presha ya mtu ambaye hajameza dawa.